Namba Kwenye Tepu

Tepu ya kukatia hesi ikavunjika ndani ya chuma, ya nne tangu asubuhi. Fundi Mbaruku akazima mashine, akajibwaga juu ya ndoo ya mafuta.

"Mashine imechoka," alimwambia Zamda, fundi mwenzake. "Inaisukuma tepu chini haraka kuliko inavyozunguka."

"Kila mzunguko inashuka kadiri ya namba uliyoiandikia, kaka. Hebu nisomee iliyogongwa kwenye tepu."

Mbaruku akachomoa kipande kilichobaki kwenye mashine. "Moja nukta saba tano. Ndiyo hiyo hiyo niliyoandika."

"Soma tena, kaka."

Kutoka pale aliposimama, Zamda aliiona vizuri: moja nukta mbili tano. Mbaruku akakisogeza kile kipande mbali na macho, akakisogeza tena, hadi mkono ukanyooka wote.