Kiapo cha Yavuyavu

Valentini alivua kandambili, akakunja suruali hadi juu ya magoti, akamsalimia mzee Likwata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ingia tu, tumalize."

Nusu ya kijiji ilikuwa imejipanga ukingoni mwa kijito, katikati ya mikoko, na wengine walikuja na mihogo yao ya kukaanga kabisa. Tangu sikukuu iliyopita hapakuwa na burudani ya maana.

Injini ya boti ya doria ilikuwa imeibwa. Ilikuwa mali ya kikundi cha wavuvi, na funguo za banda lake walikuwa nazo watu watatu: Valentini, aliyekuwa mlinzi; Quresh, mwenye duka la vipuri aliyeitengeneza kila ilipogoma; na Suleiman, katibu wa kikundi. Kabla hata ya kuulizana, kijiji kilishaamua. Valentini alikuwa mtu wa milimani, Mkatoliki, asiyejua kuogelea, na kosa lake kubwa kuliko yote ni kwamba hakuwa na ndugu pale. Walitaka afungashe, yeye na mkewe Apolonia na mtoto wao mchanga, warudi walikotoka. Nyumba na shamba la mihogo wangeviacha hapohapo.

Aliyewazuia ni Mwahija, mwenyekiti wa kikundi. Bibi yake, alisema, alimsimulia kwamba wale yavuyavu wa kijitoni, wanyama laini kama uji ulioganda, wanamjua mwizi. Mtu msafi hupita salama. Mwenye hatia huwashwa miguu bila hata kuguswa. Basi wenye funguo wote watatu wale kiapo hicho.

Hakuna aliyewahi kusikia jambo hilo. Lakini kufikia adhuhuri kila mtu alikuwa ameshamkumbuka babu yake aliyelishuhudia, na mzee Likwata alitaja mpaka jina la mwizi.

Kijito chenyewe watu walikikwepa tangu zamani, wakisema kina wenyewe. Yavuyavu wa mle hawaelei kama wenzao wa baharini. Hulala chali kwenye tope, mikono juu, wakiota jua kama watu walioshiba. Mwaka uliopita mtaalamu wa viumbe wa bahari alikuja kuwafanyia semina juu yao. Alisema mnyama huyo hana ubongo, hana moyo, hana hata mfupa mmoja, na bado anastawi. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama diwani. Mtaalamu akaeleza kwamba mnyama huyo anafuga mwilini mwake vijimea vidogo mno vinavyomtengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ndiyo maana anaweza kushinda amelala. Hapo pilau ikaletwa, na kwa wengi elimu ikaishia hapo. Waliobaki kumsikiliza mtaalamu walikuwa wawili tu: Mwahija, kwa sababu ya heshima, na Suleiman, kwa sababu alikuwa anasubiri sahani ya pili.

Suleiman ndiye aliyekishangilia kiapo kuliko wote. "Tumezitupa mila zetu, ndiyo maana tunaibiwa," alisema kila alipokutana na mtu. Siku yenyewe alichelewa kidogo. Alikuja ameoga, amepaka mafuta, anang'aa kama bwana harusi, akapeana mikono na kila mtu.

Wakaingia wote watatu kwa pamoja. Walitakiwa kuvuka hadi ng'ambo na kurudi, maji yakiwa magotini. Tope likatibuka. Yavuyavu wakawa wanajikunja na kujikunjua polepole pale chini, wala hawakumsogelea mtu.

Quresh alianza kujikuna kabla hajafika ukingoni. "Jamani, nawaka moto!" alipiga kelele. "Nawaka, jamani!"

Valentini alitoka nyuma yake, ametoka vipele vyekundu kuanzia vifundoni hadi magotini. Hakujikuna. Alisimama akimtazama Apolonia, machozi yakimlengalenga, na Apolonia akainamisha uso juu ya mtoto. Inauma kushitakiwa na watu, lakini kushitakiwa na miguu yako mwenyewe kunauma zaidi.

Suleiman alitoka wa mwisho, anatembea kwa madaha. Aliinua mguu mmoja watu wauone, kisha akainua wa pili. Hakuna hata kipele.

"Subhanallah," alisema mzee Likwata.

"Kumbe walikuwa wawili!" watu wakapiga kelele. "Wameshirikiana hawa!" Mtu mmoja akamshika Valentini ukosi wa shati. Kina mama wawili waliokuwa nyuma walishaanza kubishana nani atachukua upande wa shamba lake ulio karibu na kisima.

"Msiwapige," alisema Suleiman kwa huruma ya mtu aliyeshinda. "Waondoke tu salama. Sisi ni watu wa dini."

"Ngojeni kwanza," alisema Mwahija.

Akaikusanya kanga yake, akaingia kijitoni, akatembea mpaka katikati na kurudi. Alipopanda ukingoni miguu yake ilikuwa imeiva kwa vipele, naye akajikuna mbele ya wanaume wote bila aibu.

"Na mwenyekiti pia!" mtu alinong'ona.

Mzee Likwata alirudi nyuma hatua chache. "Bi Mwahija, bibi yako si ndiye aliyesema..."

"Bibi yangu alikuwa mtu wa Newala, mzee wangu. Amekufa hajaiona bahari." Akamgeukia katibu wake. "Hawa wanawasha kila mtu, Suleiman, mtaalamu alituambia. Wewe uliogopa nini hata ukajipaka mafuta mazito namna hiyo?"