Jani la Kufunga Njia

Vidole vya Pascaline vilipapasa kikonyo cha jani la mgomba alilomfunikia mtoto mgongoni, akasimama ghafla. Kilikuwa kimekatwa kwa panga.

Tangu alfajiri walikuwa wakitembea mvuani kandokando ya mto Lualaba, yeye mbele, mama mkwe wake nyuma. Kwenye njia panda alilikuta jani hilo chini, akaliokota, akashika njia ya chini. Hakujiuliza nani alilikata. Sasa alielewa: waliotangulia walikuwa wamelilaza pale kuwafungia wanaokuja nyuma njia ya chini.

Maji yalimfika magotini. Aligeuka. Njia aliyopita sasa hivi ilikuwa imekwisha kumezwa, na ng'ambo ya maji mama mkwe alikuwa akishuka, ameinamia nyayo za Pascaline.

"Mama, usikuye huku. Walifunga njia."

Mto ulivuma, mzee hakusikia. Akainua mguu aingie.

Pascaline alimfunua mtoto, akalishika jani kwa mikono miwili, akalinyanyua juu ya kichwa, limelala kama linavyolazwa njiani.

Mzee alitazama juu. Akarudisha mguu.

Maji yakagusa mbeleko.