Sauti Kutoka Mnara wa Makaa

“Umefika juu, shemeji?” opereta aliuliza kwenye redio ya mkononi, akiwa chumba cha kuongozea mitambo.

“Umeshaniuliza hilo, nami nimekujibu.” Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu anayeongea akiwa kisimani. “Uko salama?”

Opereta hakukumbuka jibu lolote. Akili ya shemeji imeanza kuruka, aliwaza, na moyo ukamwenda mbio.

Shemeji, bingwa wa utani, alikuwa peke yake mnarani, ng’ambo ya uwanja. Ndani ya mnara, makaa ya mawe yaliyosagwa yalikuwa yamenasa hewa ukaa kutoka kwenye moshi wa mtambo wa umeme. Asubuhi hii walikuwa wakiyapasha moto ili yaiachie, ipite kwenye mabomba, kupitia chumba cha opereta, hadi mitungini. Hewa ile haina rangi wala harufu. Ikivuja, mtu hulewa bila kunywa, kisha anazima kama taa.

Na kazi hii ni opereta mwenyewe aliyemtafutia. Mdogo wake, mke wa shemeji, alikuwa karibu kujifungua.

“Fungua mlango!” shemeji alifoka ghafla. “Shemeji, nakuomba, fungua mlango!”

Jasho likamtoka opereta. Kumbe amefungiwa ndani! Akabonyeza kitufe cha mlango wa mnara, akabonyeza tena.

“Uko wazi! Toka nje! Nitamwambia nini mkeo?”

“Si… fungua…” Redio ikakoroma, ikanyamaza.

“Baba kijacho!” alimwita kwa jina lao la utani. “Baba kijacho, itika basi!”

Alitaka kukimbia akamwokoe, lakini miguu ilimgomea kwa woga. Kichwa kilimgonga. Alihema kama aliyepanda mlima, na madirisha aliyoyafunga kuzuia vumbi la makaa yakaanza kucheza mbele ya macho yake. Akamwona mdogo wake ameketi chini, ameshika tumbo, anamuuliza: mume wangu umemwacha wapi? Akalia kwa sauti.

Kioo cha mlango wa chumba chake kikapasuka.

Mikono ikamshika makwapani, ikamwinua kutoka sakafuni, mahali ambapo hakukumbuka kuanguka, ikamburuta hadi kwenye upepo wa uwanjani. Shemeji akavua barakoa ya hewa, uso umelowa machozi.

“Huko mnarani ni shwari, shemeji,” alisema, akimpigapiga mashavu. “Bomba limepasuka chumbani kwako.”