Kamera Kabla ya Saa Nne

"Simu," alisema Sajini Arasa, akinyoosha mkono. "Izime kwanza."

Caren aliizima, akampa. Alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari lisilo na maandishi yoyote, mkoba wa vifaa mapajani, na bado hakuna aliyemwambia wanaenda wapi. Saa moja asubuhi alikuwa akifunga duka lake la kompyuta mjini Homa Bay, amevaa gauni la kanisani ingawa ilikuwa Jumanne. Ndipo polisi huyu alipotokea bila sare na kumwambia kuna laptop inataka fundi sasa hivi.

"Nina safari ya Migori," alikuwa amemwambia.

"Utaenda kesho, mama."

Gari liliteremka bonde la Lambwe, likaacha lami, likasimama mbele ya nyumba ya bati iliyozibwa madirisha yote kwa magunia. Arasa alishuka peke yake, mkono kiunoni, akaizunguka nyumba nzima kabla ya kumfungulia mlango.

Ndani, msichana wa miaka kama ishirini aliketi mezani. Hakusalimia. Alikuwa akiuangalia mkoba.

"Fungua aone," Arasa alisema.

Bisibisi, nyaya, flash mbili. Msichana akashusha pumzi.

"Ilijaa virusi, jana ikapigwa Windows upya," Arasa alieleza akionyesha laptop. "Sasa haishiki mtandao, na kamera imekufa. Nataka kamera kabla ya saa nne."

"Haijakufa. Haina draiva. Mmefuta kila kitu, hata programu inayoiambia mashine kwamba ina kamera. Nipe simu yangu nipate mtandao."

"Simu hapana."

"Basi nirudishe mjini. Nitaipakua na nini, maombi?"

Msichana alikaribia kucheka. Arasa akatoa simu yake mwenyewe, Caren akaichomeka kwa waya. Mtandao ukaingia.

"Si mngetumia hii simu tu?"

"Tulitumia mwezi jana, ikakatika mara sita. Jaji akasema leo ndiyo ya mwisho. Asipouona uso wa shahidi, kesi anaitupa."

Caren alimtazama msichana upya.

"Naitwa Lynnet," msichana alisema. "Una watoto, mama?"

"Mmoja. Kijana."

"Yuko wapi?"

"Migori."

"Anafanya kazi?"

"Kwa sasa hapana. Tulia, nisikosee."

Lynnet hakutulia. Hofu ilikuwa imemfungua mdomo. Kaka yake Bonface alichimba dhahabu kwenye machimbo ya Osiri. Siku moja Lynnet alimpelekea uji, akamkuta akigombana na mwenzake, akaona kwa macho yake mwenzake huyo akimsukuma shimoni. Mtu mwingine mmoja tu ndiye aliyeona. Huyo maiti yake iliokotwa ufukweni Muhuru Bay, ikiwa tayari imevimba.

"Gordon akitoka leo, mimi simalizi wiki."

Vidole vya Caren vilisimama juu ya vibonye.

"Gordon gani?"

"Gordon wa Osiri, huyo ndiye mshtakiwa. Unamjua?"

"Akina Gordon ni wengi."

Aliigeuza laptop, akasoma namba ya modeli iliyobandikwa chini yake. Iliishia na 450. Akairudisha mezani, akapakua draiva ya 430.

Kioo kilibaki cheusi.

"Imekataa," alisema.

Saa nne kasorobo. Alijaribu draiva nyingine, nayo haikuwa ya mashine ile. Arasa alitoka nje na simu ya pili, akasikika akiibembeleza korti. Aliporudi hakutazama tena kioo. Alitazama mikono ya Caren.

"Dakika kumi wameongeza. Mama, ulizungumza na nani jana usiku?"

"Watu wengi. Nina duka."

"Leo unabonyeza polepole."

"Sijanywa chai. Ulinipa nafasi ya kunywa?"

"Mama, nakuuliza vizuri."

"Mwache, Sajini," Lynnet alisema. Alikuwa amelaza shavu mezani. "Ikikataa imekataa. Ila sijui nitamwambia nini mama yetu. Bonface bado yuko mle ndani, maji yalijaa. Mwenye shimo anasema hafukui mpaka korti iseme kuna mtu. Kesi ikitupwa, analifukia. Mama huenda kila asubuhi kukaa pale ukingoni. Wachimbaji wanamfukuza kama kuku, anarudi. Anasema hawezi kumwacha mtoto wake peke yake na kaburi hana."

Nje, gari ambalo Arasa hakulizima lilikuwa likiunguruma.

Caren alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Alifuta draiva ya 430 na ile nyingine. Akarudi kwenye orodha, akashuka hadi 450, akabonyeza.

Mashine ilijizima, ikawaka. Taa ndogo ya kijani ikatokea juu ya kioo.

"Kaa wima," alimwambia Lynnet, akamrekebishia kola. "Angalia taa, usiangalie watu."

Chumba cha mahakama ya Migori kilijaa kwenye kioo: jaji, karani, mawakili wawili, na kizimbani kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi.

"Shahidi anaonekana," jaji alisema. "Kuna nani mwingine chumbani humo? Wote waonekane."

Arasa aliinama mbele ya kamera, akajitaja. Kisha Caren akainama.

Kijana wa kizimbani aliinuka ghafla, askari wakamshika mabega.

"Mama?" alisema. "Mama, unafanya nini huko?"

Arasa aligeuka taratibu. Caren alikuwa tayari akiisogeza laptop karibu zaidi na mdomo wa Lynnet.

"Anza," alimwambia.