Sifuri ya Germaine

Germaine alikuwa na kampuni ndogo ya intaneti huko Kongo mpaka vita vilipoingia. Askari walibeba mashine zake zote. Yeye akavuka Ziwa Mweru hadi Nchelenge, Zambia, akiwa na mkoba mmoja.

Alitaka kuanza upya, ili wakimbizi wenzake watafute ndugu zao kwa barua za kompyuta. Padri mmoja wa hapo aliahidi kumnunulia mashine, lakini kwanza Germaine apate namba za anwani za intaneti, maana bila namba hizo mashine haziwezi kuwasiliana. Germaine akaiandikia ofisi ya ng'ambo inayozigawa.

Jibu lilifika posta kwa faksi, pamoja na fomu: "Namba hupewa mwenye mashine tayari. Leo una mashine ngapi?"

Karatasi ilijikunja kwa joto. Germaine akaibana kwa viganja vyote viwili.

"Andika makumi ine, mama," karani wa posta akamwambia kwa Kiswahili cha Kongo. "Beko mbali. Nani atakuya kuhesabu huku?"

"Bakijua ni uongo, habatanipa namba hata siku moja."

"Na ukisema kweli?"

Germaine akachukua kalamu. Akaandika sifuri, akampa karani fomu aitume.

Faksi ikaanza kuvuta karatasi polepole. Germaine akaishika kona, lakini sifuri ilikuwa imeshapita.