Jina Lililo Kwenye Kola

Siku hizi gauni la shule lina jina la mtoto ndani ya kola. Mwalimu akiita, kola inasikiliza. Aliyelivaa asipoitika jina lile, inamfinya shingoni mpaka aitike.

Mdogo wangu Zamda alipofariki kwa homa, gauni lake lilibaki zima kabisa. Kwetu nguo za mkubwa huvaliwa na anayemfuata, kwa hiyo mama akaniambia nipandishe upindo, mdogo wake Mwajabu alivae. Nikapandisha. Kola sikuikumbuka.

Siku ya kwanza Mwajabu alirudi na alama nyekundu shingoni.

"Dada, wananiita jina la marehemu."

"We itika tu, mdogo wangu," nilimjibu, "mpaka niende ofisini wabadilishe jina."

Ofisini walinipa tarehe, wakaisogeza, wakaisogeza tena. Zile alama zikapotea. Nilifurahi, nikadhani kola imemzoea.

Jumamosi nilikuwa nafua lile gauni uani. Mwajabu alikaa karibu yangu, amejifunga kanga, anachezea povu. Nikamwita kwa jina lake anisogezee maji ya kusuuzia. Hakugeuka. Nikamwita tena, akajipapasa shingo tu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akaita polepole, "Zamda."

"Abee, mama."

Mama akatabasamu, mara ya kwanza tangu tuzike. Nikamwambia Jumatatu ninarudi ofisini, na siondoki mpaka wabadilishe.

"Usiende," alisema. "Hukusikia alivyoitika?"