Jumatano ya Kungojeana

Kila Jumatano viwanda vya Thika vilizimwa, ili nchi jirani za sarafu moja zilizobaki nyuma kiuchumi zipate kuifikia nchi yao. Kemunto alinung'unika weee, ingawa ndiyo siku pekee mumewe alikula mchana nyumbani.

Jumatano hii, king'ora cha kazi kikalia. Mumewe akaacha ugali mezani, akatoka mbio. Kemunto akampigia Nadine wa Gitega, mke wa kaka yake.

"Wifi, mmetufikia?"

"Tumewapita! Leo mashine zetu ndizo zimezimwa. Kaka yako yuko jikoni anamenya ndizi." Nadine akashusha sauti. "Msikimbie mno, wifi. Nasi tuzifaidi hizi Jumatano."

Kemunto akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaufunika ugali wa mumewe usipoe.